Ndoo Ile ni Sanaa au Paa Linavuja?

Mwaka 2011, mjini Dortmund, Ujerumani, mfanya usafi wa makumbusho alikuta karai chini ya mnara wa mbao zilizopachikwa-pachikwa, na ndani ya karai pana utando mweupe, ule unaobaki chombo kikikaukiwa maji. Akafanya alichoajiriwa kufanya: akalisugua mpaka likatakata. Kumbe karai lile lilikuwa sehemu ya kazi ya Martin Kippenberger, msanii wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1997, kazi iliyokatiwa thamani ya yuro 800,000, na ule utando ulikuwa rangi iliyopakwa makusudi ifanane na maji yaliyokauka. Jina la kazi yenyewe ukiliweka kwa Kiswahili ni kama "Linapoanza Kuvuja Darini". Makumbusho yakaeleza kwamba wafanya usafi walishaagizwa wasiisogelee kazi yoyote ya sanaa chini ya sentimita 20. Agizo zuri, ila kabla mtu hajaanza kuzipima hizo sentimita 20 inabidi ajue zinaanzia wapi.

Habari ile ilizunguka dunia na watu wakacheka, na kusema kweli inachekesha. Lakini kicheko kilimwangukia asiyestahili. Makumbusho yale yamo ndani ya mnara wa kiwanda cha zamani cha bia, uliojengwa mwaka 1926 na 1927, wenye herufi U kubwa ya dhahabu juu ya paa mpaka leo. Kazi za sanaa zilihamia humo mwaka 2010. Kwa miongo mingi, karai lenye utando ndani ya jengo lile lilikuwa na maana moja tu, nayo ni kwamba kuna mtu hakumaliza kazi yake. Mfanya usafi alilisoma jengo sawasawa. Aliyebadilisha maana ya vitu bila kubadilisha sura yake ni mwingine. Ninachodai ni kwamba vituko vingi vinavyotokea katika makumbusho ya sanaa ya kisasa yaliyowekwa ndani ya viwanda vya zamani, kujikwaa, kupiga picha mtungi wa kuzimia moto, kuosha kisichooshwa na kukalia kisichokaliwa, si ushamba wa mgeni. Mgeni katumia akili aliyonayo, na akili hiyo imempa jibu sahihi katika nyumba ambayo majibu sahihi ni makosa.

Tuanze na sababu za kuchagua viwanda, maana haukuwa uamuzi wa kipuuzi. Kiwanda kina sakafu iliyojengwa kubeba mashine za tani nyingi, kwa hiyo sanamu ya chuma haiitishi. Kina madirisha ya juu, kwa sababu mfanyakazi alihitaji mwanga wa kuonea kazi, na mwanga huohuo unaifaa picha. Kina mlango wa kuingiza lori. Na kikishafungwa, hakuna anayekigombania, kwa hiyo kinapatikana. Wasanii nao wa miaka hamsini, sitini iliyopita wamekuwa wakitengeneza vitu vinavyohitaji hasa sakafu ya namna hiyo: marundo ya makaa, mabomba, matofali, mataa ya neoni, maturubai. Ndoa ilikuwa ya kutegemewa. Tatizo ni kwamba wanandoa hawa wanafanana kupita kiasi. Ndoo ukiiweka kwenye sebule ya mfalme, kila anayepita atashtuka na kujiuliza pana nini. Ukiiweka kiwandani, umeirudisha kwao, na hakuna sababu ya kuishangaa.

Mfano mkubwa kuliko yote uko London, kando ya mto Thames. Kituo cha umeme cha Bankside kilisanifiwa na Giles Gilbert Scott, yuleyule aliyewasanifia Waingereza kibanda chao chekundu cha simu, na kikaacha kuzalisha umeme mwaka 1981. Wasanifu wa Uswisi, Herzog na de Meuron, wakakigeuza kuwa Tate Modern, iliyofunguliwa Mei 2000. Walikuwa na busara ya kutoficha kitu. Bomba la moshi la mita 99 limebaki. Ukumbi wa mitambo, unaojulikana hadi leo kama Turbine Hall, umebaki na urefu wake wa mita 155, upana wa mita 23 na kimo cha mita 35, na unauingia kwa kushuka mteremko mrefu, ambao watoto wameuelewa mara moja bila kusoma maelezo yoyote: wanalala na kubingirika. Hata umeme wenyewe haukuondoka wote, kwani kwa miaka mingi baada ya kufunguliwa, upande mmoja wa jengo uliendelea kuwa na transfoma za kuhudumia mji, na mvumo wake ukisikika ukumbini. Sasa fikiria mgeni aliyeingia mwishoni mwa mwaka 2004, wakati Bruce Nauman alipouacha ukumbi mtupu kabisa na kuujaza sauti za watu kutoka kwenye spika. Mgeni anasimama katikati ya uwanja usio na kitu, anasikia sauti mbili: moja ni kazi ya msanii mashuhuri wa Marekani, nyingine inawachemshia chai wakazi wa kusini mwa London. Anayetaka kumcheka kwa kuisikiliza transfoma kwa unyenyekevu aeleze kwanza angezitofautisha vipi.

Msidhani makumbusho hayalijui jambo hili. Yanalijua na yanalifurahia. Katika mkusanyo wa Tate kuna kazi ya Peter Fischli na David Weiss, Waswisi wawili waliofanya kazi pamoja, ambayo ukiifikia unaona chumba ambacho mafundi wametoka kwenda kula. Kuna mbao, kuna makopo, kuna zana zilizoachwa pale mkono ulipozitua, kila kitu na uchakavu wake. Ukitazama, unaondoka, kwa adabu ya kawaida ya mtu aliyekuta chumba hakijawa tayari. Lakini hakuna ubao humo. Kila kitu, kuanzia kikubwa mpaka kidogo, kimechongwa kwa mkono kutoka kwenye povu gumu la plastiki kisha kikapakwa rangi, alama ya vumbi kwa alama ya vumbi. Ni kazi ya ajabu, na kwangu mimi ni miongoni mwa vitu bora vilivyomo. Ila tuone inamfundisha nini mgeni. Inamfundisha kwamba chumba kinachoonekana hakijawa tayari ndicho kilichokamilika kuliko vyote. Akitoka hapo akakuta kweli fundi kaacha ngazi na kopo la rangi kwenye korido, mgeni atasimama, atainamisha kichwa upande mmoja, atalizunguka kopo. Anaonekana mjinga, kumbe ni mwanafunzi mzuri, somo limemwingia.

Masharti ya kugusa na kukanyaga nayo yana mambo yake. Carl Andre, Mmarekani, ana kazi mbili mashuhuri katika mkusanyo huohuo wa Tate, na zote zimelala sakafuni. Moja ni matofali 120 ya tanuri yaliyopangwa kwa tabaka mbili, ambayo Tate iliyanunua mwaka 1972 na ambayo magazeti ya Uingereza yaliyapigia kelele mwaka 1976, yakiuliza fedha za umma zinanunuaje matofali. Hayo hayaguswi wala hayakanyagwi. Nyingine ni vibao 144 vya magnesi vilivyopangwa mraba, na hivyo msanii alikusudia vikanyagwe. Ukipita juu yake na viatu vyako umefanya alichotaka. Msanii ni huyohuyo, vyote ni vifaa vya viwandani, vimelazwa chini kwa mpangilio uleule wa fundi wa sakafu, na hukumu ni kinyume. Huko Cape Town, katika Zeitz MOCAA, ambayo ilikuwa ghala refu la nafaka bandarini tangu miaka ya 1920 na ikafunguliwa kama makumbusho Septemba 2017, wameliendeleza somo mpaka darini: juu ya paa pana vioo vinene vilivyofunika midomo ya mapipa ya zege ya kuhifadhia nafaka, na vioo hivyo vimechorwa alama za El Loko, msanii wa Togo. Kwa hiyo umezunguka jengo zima ukikatazwa kugusa, kisha unafika juu unaambiwa ukanyage mchoro, na chini ya mchoro ni shimo la ghorofa kadhaa. Mtu anayesimama ukingoni akishika mkono wa mwenzake na kupima kwa ncha ya kiatu haogopi sanaa. Anafanya hesabu, na hesabu yake haina kasoro.

Kuanzia Oktoba 2007 hesabu hiyo ilifanyika hadharani kwa miezi kadhaa. Doris Salcedo wa Kolombia aliipasua sakafu ya Turbine Hall kwa ufa ulioanzia mlangoni ukiwa mwembamba kama unywele, ukaenda ukipanuka na kuzama, kwa mita 167. Ndiyo, ufa mrefu kuliko ukumbi, kwa kuwa ulikwenda ukipinda. Ulizungumzia wahamiaji na watu waliobaguliwa, wale ambao nyumba kubwa za Ulaya zimejengwa bila nafasi yao. Jambo zito, na ulifikisha ujumbe wake kwa njia ambayo pengine hata msanii hakuitarajia, maana wageni kadhaa waliingiza mguu humo wakaumia, si vibaya, na makumbusho yakalazimika kuwatahadharisha watu kuhusu sanaa kama wanavyotahadharishwa kuhusu sakafu iliyopigwa deki. Waliotazama kwa mbali waliuliza: mtu haoni ufa? Anauona. Lakini yumo ndani ya nyumba ambayo imemzoeza kuamini kwamba vitu sivyo vinavyoonekana kuwa, kwamba ubao ni povu na utando wa maji ni rangi. Kwa mtu huyo, dhana kwamba ufa huu huenda umechorwa ni dhana ya kisomi, na njia pekee ya kuihakiki ni kupeleka mguu. Maonyesho yalipokwisha mwaka 2008 ufa ulizibwa, na kovu lake bado linaonekana sakafuni, likipigwa picha na watu wanaodhani ni ufa wa kawaida wa saruji, na likipuuzwa na wanaodhani hivyohivyo.

Pingamizi la kwanza analotoa mwenyeji wa makumbusho ni kwamba kuna vibao. Kila kazi ina karatasi yake ukutani, inataja jina, mwaka, vifaa, na aya moja ya maelezo; mtu asome. Nakubali vibao vipo. Lakini jengo la kiwanda lina vibao vyake lenyewe, vingi, navyo vimeandikwa kwa herufi kubwa kuliko vya sanaa: njia ya dharura, mzigo wa mwisho wa lifti, hatari, usiegemee. Pembeni kuna kile kidude kidogo cha kupimia joto na unyevu wa hewa, chenye namba zinazobadilika, kimefungwa ukutani kwa kimo cha macho na kimezungukwa na nafasi nyeupe ya kutosha, yaani kimetundikwa kwa heshima kuliko picha nyingi. Kazi ya sakafuni nayo kibao chake hakiwezi kuwa juu yake, kitakuwa ukutani, hatua kadhaa pembeni, karibu kabisa na kitu kingine. Msomaji mwaminifu atasoma kuhusu huzuni ya baada ya vita huku akitazama matundu ya chuma ya kupitishia hewa, ambayo pale Tate Modern wasanifu waliyaunda kwa uzuri mkubwa na kuyatia katikati ya sakafu ya mbao. Huyo amefuata maelekezo yote. Kibao ndicho kilichompoteza.

Pingamizi la pili linasemwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa si la kistaarabu: kwamba haya huwapata wasio na elimu ya sanaa, na dawa yake ni shule. Ushahidi unakataa. Mwaka 1971, kabla ya Tate Modern kuwepo, jumba mama la Tate lilimkaribisha Robert Morris, aliyejenga vibembea, mapipa ya kusukuma na kamba za kupanda, watu washiriki badala ya kutazama tu. Walishiriki. Baada ya siku nne maonyesho yalifungwa, watu wameumia na vitu vimevunjika. Hapo walioshindwa kukisia kitakachotokea ni wataalamu wenyewe. Mwaka 2010 Ai Weiwei alimwaga Turbine Hall zaidi ya mbegu milioni 100 za alizeti, kila moja ya kaure, iliyotengenezwa na kupakwa rangi kwa mkono na mafundi wa Jingdezhen nchini China, na mpango ulikuwa watu watembee juu yake, walale, wazichote. Siku chache tu baadaye wakazuiwa, kwa sababu kaure ikikanyagwa na maelfu ya watu hutoa vumbi, na vumbi hilo halifai mapafuni. Kwamba udongo uliochomwa ukisagwa unakuwa vumbi, hili mfinyanzi yeyote wa Pare angelisema bila malipo. Na waliojaribu kukikojolea chombo cha Marcel Duchamp hapo Tate Modern, mwaka 2000, hawakuwa wageni waliobanwa. Walikuwa wasanii wawili waliosomea kazi yao na kuijua historia vizuri: kwamba chombo hicho cha kukojolea cha wanaume kiliwasilishwa New York mwaka 1917 kama sanamu, kwamba cha awali kilipotea, na kwamba hiki ni nakala ya mwaka 1964. Mamilioni ya watu wa kawaida wamepita mbele yake bila hata mmoja kufungua zipu. Elimu ndiyo iliyofungua.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi na linastahili kuheshimiwa. Linasema: usilitupie jengo lawama, kwani vituko hivi vimetokea hata katika majengo ambayo hayajawahi kuona boila. Mwaka 1973, huko Leverkusen, wanachama wa chama cha siasa walikuwa na sherehe yao katika kasri ambamo kazi za sanaa zilikuwa zimehifadhiwa. Wakakuta beseni la kuogeshea mtoto, limechafuka kwa mafuta na kubandikwa plasta, wakalisafisha vizuri wapate pa kuoshea glasi. Lilikuwa la Joseph Beuys, na shauri lilifika mahakamani. Beuys huyohuyo aliacha donge la siagi kwenye kona ya dari ya chumba chake katika chuo cha sanaa cha Düsseldorf, na mwaka 1986, miezi kadhaa baada ya kifo chake, likafagiliwa. Hapakuwa na kiwanda, hapakuwa na bomba. Nakubali basi kwamba msanii ana nusu ya lawama, na Beuys pengine zaidi ya nusu. Lakini tazama nguvu iliyohitajika kila mahali. Kwenye kasri ilibidi iwepo sherehe, bia, glasi chafu na uhaba wa masinki ndipo beseni lioshwe. Chuoni ilibidi mwenye siagi awe amekufa. Kwenye kiwanda cha bia cha Dortmund haikuhitajika sherehe wala msiba, siku ya kawaida ya kazi ilitosha.

Kuna ushahidi mwingine ambao wenye makumbusho hawapendi kuutaja, ila mahakama imeuhifadhi. Mwaka 2016 Tate Modern iliongeza jengo jipya nyuma ya lile la zamani, na kwenye ghorofa ya kumi ikaweka baraza ya kutazamia mji, bure kwa wote. Ng'ambo, umbali mfupi tu, kulikuwa na maghorofa ya watu wenye uwezo, yenye kuta za vioo toka sakafuni hadi darini. Mgeni amepanda kutoka ghorofa za chini ambako amefunzwa kwamba kiti ni kazi, meza ni kazi, kitanda ni kazi, na kwamba kitu chochote cha nyumbani kikiwekwa nyuma ya kioo kinastahili kutazamwa taratibu. Anafika juu, anakuta sebule halisi, sofa halisi, na bwana mmoja ndani ya kioo anakunywa kahawa. Akatazama. Wengine walipiga picha, wengine walikuja na darubini. Wenye nyumba walipolalamika, mkurugenzi wa Tate wa wakati huo alishauri watie mapazia. Wakaenda mahakamani, wakashindwa mara ya kwanza, wakashindwa rufani, na Februari 2023 Mahakama ya Juu ya Uingereza ikawapa haki, majaji watatu kwa wawili. Wawili walioona vingine nao ni watu wazima wenye elimu. Ikiwa suala la kipi kitazamwe na kipi kiachwe limewagawanya majaji wa Mahakama ya Juu, tumsamehe aliyepiga picha mtungi wa kuzimia moto.

Linabaki pingamizi la wasanii: kwamba kuchanganyikiwa ndiko kunakokusudiwa, na sanaa isiyomyumbisha mtu ni pambo la ukuta. Hili silipingi hata kidogo. Napinga tu kwamba wanataka kuvuna pande zote mbili. Ukimwambia mtu atilie shaka mpaka kati ya kitu na sanaa, naye akatilia shaka kweli, huwezi kumtolea bei ya yuro 800,000 kwa sababu ametilia shaka kuelekea upande usioutaka. Tena wapo wanaotumia vitu vya kila siku bila kumtega mtu. Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kukulia Uingereza, alishinda tuzo ya Turner mwaka 2017 na kufanyiwa maonyesho makubwa Tate Modern kuanzia mwishoni mwa mwaka 2021. Kazi yake moja ya mwaka 2007 ni vyombo mia vya kulia, vya kizamani, vilivyopakwa sura za watu wa Lancaster, mji uliotajirika kwa biashara ya watumwa, matajiri na watumishi wao weusi. Ni vyombo vya mezani tu, vitu ambavyo mtu yeyote aliyelelewa Unguja ameviosha tangu akiwa mdogo. Lakini hakuna atakayevikusanya apeleke jikoni, kwa sababu sura ile inakutazama usoni na inakwambia wewe ndiye mgeni wake. Sanaa ngumu kabisa, na mfanya usafi anaitambua akiwa mlangoni.

Kwetu majengo ya namna hii hayapungui, na wapo waliokwishaanza. Nairobi, GoDown ilianza mwaka 2003 ndani ya ghala la eneo la viwanda. Dar es Salaam, Nafasi Art Space ipo tangu mwaka 2008 katika eneo la viwanda vidogo vya Mikocheni, na wasanii wanafanya kazi ndani ya makontena ya meli. Mahali kama Nafasi pana faida ambayo Tate Modern, pamoja na wageni wake mamilioni kwa mwaka, haiwezi kuinunua: ukiuliza ndoo ile ni ya nani, mwenye ndoo yuko palepale, atajibu mwenyewe, na akisema ni ya kupigia deki, basi ni ya kupigia deki. Ndiyo maana nawasihi wanaoyapigia hesabu maghala ya pamba, mkonge na karafuu yaliyobaki matupu, wakitaka kuyafanya makumbusho, wasianze na msanifu wala na hotuba ya ufunguzi. Waanze kwa kumwajiri mfanya usafi, wamkalishe na msanii siku kila kazi inapoingizwa, aulize maswali yote, na kitu ambacho yeye bado anataka kukisugua baada ya maelezo kisogezwe pengine au kifungiwe kamba. Na wewe msomaji ukifika London, ingia Tate Modern, kwa kuwa kuuona mkusanyo wake wa kudumu ni bure, na uulize walinzi kila kitu bila haya, kwani ndiyo kazi yao. Choo pia kipo. Ni kile ambacho hakina kibao cha maelezo pembeni.